Sura ya Sita: Mji Ulikaa, Mpaka Ukahama

Tarehe 6 Desemba 1815, katika jumba la Luxembourg mjini Paris, Marshali Michel Ney alikuwa mbele ya Baraza la Wakuu la Ufaransa akisubiri kujua kama ataishi. Kosa lake lilijulikana na kila mtu. Mfalme Louis wa 18 alikuwa amemtuma akamkamate Napoleon, aliyetoroka kisiwani Elba. Ney alipomkaribia bwana wake wa zamani akaungana naye, wakaenda pamoja hadi kushindwa kule Waterloo. Huo ni uhaini, na adhabu yake ilikuwa kifo.

Wakili wake, Dupin, alikuwa amebakiwa na hoja moja. Wiki mbili tu nyuma, tarehe 20 Novemba, mataifa yaliyomshinda Napoleon yalikuwa yametiliana saini na Ufaransa mkataba mpya, na ndani ya mkataba huo Saarlouis, mji aliozaliwa Ney, ulinyang'anywa Ufaransa ukapewa Prussia. Basi, alidai wakili, mtu huyu si Mfaransa tena, na Baraza la Ufaransa halina mamlaka ya kumhukumu. Ney hakumwacha amalize. Alimkatiza, akatamka kwamba yeye ni Mfaransa na atakufa Mfaransa. Asubuhi iliyofuata akapigwa risasi.

Kisa hiki husimuliwa sana kuonyesha ushujaa wa Ney, na kweli ushujaa upo. Mimi hunishika hapo kitu kingine. Mtu wa miaka 46, mtoto wa fundi mapipa, aliyepigana vita vya Ufaransa tangu ujana wake, anaambiwa kwamba karatasi iliyoandikwa alipokuwa kizuizini imembadilishia nchi. Nyumba aliyozaliwa haikusogea hata shubiri moja, wala mtaa wake. Kilichosogea ni mstari kwenye ramani.

Saarlouis ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 35,000, katika bonde la mto Saar, magharibi kabisa mwa Ujerumani, mwendo mfupi wa gari kutoka mpaka wa Ufaransa. Tangu uanzishwe mwaka 1680 umekuwa wa mfalme wa Ufaransa, wa jamhuri ya Ufaransa, wa Napoleon, wa mfalme wa Prussia, wa Kaisari wa Ujerumani, wa Shirikisho la Mataifa, wa Hitler, wa dola ndogo ya Saar iliyolelewa na Ufaransa, na sasa wa Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani. Katika karne zote hizo wakazi wake waliulizwa mara mbili tu wanataka kuwa wa nani.

* * *

Miji mingi huanza yenyewe. Watu hukuta kivuko au kisima, wakapatana siku ya soko, nyumba zikaongezeka hadi mtu anaamka siku moja anakuta mji. Saarlouis haukuanza hivyo. Uliamriwa.

Mikataba ya Nijmegen ya 1678 na 1679 ilimwacha Louis wa 14 akiwa bado ameikalia Lorraine, nchi iliyokuwa na duki wake mwenyewe. Ufaransa ikawa na mpaka mpya upande wa mashariki, na mpaka huo ulikuwa wazi. Mfalme akaagiza ngome. Mchoro ulikuwa wa Vauban, mjenzi wa ngome aliyekuwa hodari kuliko wote Ulaya wakati ule, na kazi ikasimamiwa na mhandisi Thomas de Choisy, ambaye pia ndiye aliyekuwa gavana wa kwanza. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 1680. Umbo likawa la pembe sita, kila pembe na buruji lake lililochomoza nje kama ncha ya mshale, na katikati uwanja mpana wa mraba wa kufanyia gwaride. Uwanja huo leo unaitwa Großer Markt, yaani Soko Kuu, na ukiutazama kutoka juu unaiona bado akili ya mwanajeshi: mitaa imenyooka, pembe zote ni za kipimo, hakuna kichochoro kilichojikunja kwa hiari yake.

Silaha kubwa ya ngome ile ilikuwa maji. Daraja la mto Saar lilijengwa likiwa na malango ya kuzuia mkondo. Adui akikaribia, malango yanashushwa, mto unapanda, bonde zima linafurika, na ngome inabaki kisiwa. Hesabu ya kutisha, kwa sababu mashamba yanayozama ni ya wenyeji.

Kabla ya hapo palikuwa na mji mwingine jirani kabisa, Wallerfangen. Huo ulikuwa mji wa kale wenye kuta zake, makao ya utawala wa Lorraine kwa upande wa watu wasemao Kijerumani, na uliwahi kusifika kwa machimbo ya jiwe la buluu ambalo wachoraji walilisaga kupata rangi. Mbele ya ngome mpya, mji huo ulikuwa kikwazo. Miaka ya 1687 na 1688 ukabomolewa na wakazi wake wakahamishiwa ndani ya kuta za Saarlouis. Mwenye nguvu mpishe. Wallerfangen ulisalia kama kijiji, ukaja kujulikana tena karne moja baadaye kwa vyombo vya udongo vya Nicolas Villeroy, ambaye biashara yake iliungana na ya familia ya Boch mwaka 1836. Ukigeuza sahani yenye jina Villeroy & Boch ukalisoma, nusu ya kwanza ya jina hilo imepita hapo.

Mfalme mwenyewe alifika kuutazama mji wake mwaka 1683. Aliupa jina lake na nembo: jua linalochomoza kati ya mawingu, na juu yake mayungiyungi matatu ya dhahabu ya ukoo wake. Maneno ya Kilatini yaliyoambatana nayo yana maana kwamba jua hutawanya na hutia joto. Yaani mawingu, bila shaka, na maadui. Wakazi wa Wallerfangen walikuwa bado hawajajua kuwa na wao wamo katika orodha ya kutawanywa.

Mwaka 1697, kwa mkataba wa Ryswick, Louis alilazimika kumrudishia duki nchi yake ya Lorraine. Saarlouis hakuiachia. Alibaki nayo pamoja na vijiji vichache vya kandokando, na kwa miaka 69 mji ukawa kisiwa cha Ufaransa katikati ya nchi ya wengine, hadi 1766 Lorraine nayo ilipoingia Ufaransa. Ndani ya kisiwa hicho watu waliotoka pande mbalimbali, askari, mafundi, wafanyabiashara, wakulima wa Kijerumani wa bonde lile, walijifunza kuishi na lugha mbili. Ney mdogo alikua akizisema zote. Ngome ilikuwa na lango la kuelekea Ufaransa na lango la kuelekea Ujerumani, na mpaka leo uwanja wa soko una Französische Straße upande mmoja na Deutsche Straße upande wa pili: Mtaa wa Wafaransa na Mtaa wa Wajerumani.

Mapinduzi ya Ufaransa yalileta jina jipya. Mwaka 1793, mwaka ule ule Louis wa 16 alipokatwa kichwa, mji wenye jina la Louis haukuweza kuachwa hivyo. Ukaitwa Sarre-Libre, Saar Huru. Baadaye jina la zamani likarudi. Halafu Napoleon akaja, akaanguka, na mkataba wa Novemba 1815 ukaandikwa.

* * *

Prussia ilipoichukua Saarlouis haikuwa na haja ya kujenga ngome. Ilipewa iliyo tayari. Kilichobadilika ni upande wa kutazama: ngome iliyojengwa na Mfaransa kuwazuia Wajerumani sasa ilikuwa kituo cha mbele cha Mjerumani cha kumzuia Mfaransa. Maofisa wapya wengi walikuwa Waprotestanti kutoka mbali, wakatawala mji wa Wakatoliki.

Hata hivyo mtawala mpya hakuweza kubadilisha kila kitu, na hapa ndipo historia ya mji wa mpakani huwa tamu kuliko orodha ya wafalme. Sheria za kiraia za Napoleon, zile zinazohusu ndoa, urithi, mkataba na umiliki wa ardhi, zilibaki kutumika katika jimbo la Rhine la Prussia hadi tarehe 1 Januari 1900. Mtu wa Saarlouis aliyekufa mwaka 1890 akiwa raia mtiifu wa Kaisari aliwaachia watoto wake shamba kwa kanuni ya Kifaransa. Maneno nayo yalibaki. Watu wa Saar wanaposema njia ya kando ya barabara husema Trottwa, kutoka Kifaransa, na wakikutana husalimiana Salü. Serikali hubadilisha bendera kwa siku moja. Salamu huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingine haibadiliki kabisa.

Katika mji huo wa kambi, tarehe 20 Machi 1870, mke wa ofisa mmoja wa Prussia alijifungua mtoto wa kiume. Alipewa jina Paul. Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanalijua jina lake la ukoo bila kujua alikozaliwa: ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki. Ndiye aliyewarudisha Waingereza na Wahindi baharini pale Tanga, Novemba 1914. Ndiye aliyewavuta maadui zake miaka minne kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji, akaja kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Kwao alipokewa kama shujaa asiyeshindwa. Kwetu vita vile vilipita kama nzige. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo hadi wakafia njiani, maghala yakafagiliwa na majeshi ya pande zote mbili, njaa na maradhi vikamaliza vilivyosalia. Ushujaa unaohesabiwa kwa risasi bila kuhesabu wapagazi mimi siutambui. Saarlouis kwenyewe mtaa uliokuwa na jina lake umekwisha kupewa jina jingine, na wamefanya vyema.

Ney na Lettow-Vorbeck, majemadari wawili wa mji mmoja mdogo, mmoja wa Ufaransa na mwingine wa Ujerumani, na kati ya kuzaliwa kwao imepita karne moja tu. Hakuna ajabu. Mji uliojengwa kwa ajili ya askari ulizaa askari, kwa yeyote aliyekuwa akilipa mshahara wakati huo.

Miezi minne baada ya Lettow-Vorbeck kuzaliwa, Ufaransa na Prussia ziliingia vitani. Prussia ilishinda, Ujerumani ikaungana chini ya Kaisari, na mwaka 1871 ikachukua Alsace na sehemu ya Lorraine. Mpaka ukasogea magharibi, na ngome iliyokuwa mdomoni mwa adui ikajikuta ndani ya nyumba. Mwaka 1889 ikaondolewa katika orodha ya ngome na kuta zikaanza kubomolewa ili mji upate kupumua. Sehemu zilizosalia, vyumba vizito vya matao ambamo askari walijificha na mizinga, leo ni migahawa na baa. Jioni za kiangazi watu hukaa hapo wakila na kunywa.

* * *

Mkataba wa Versailles wa 1919 ni mahali ambapo mji huu na nchi zetu zinakutana kwenye karatasi moja. Vifungu vyake vya Saar viliitoa nchi ile, Saarlouis ikiwemo, chini ya Ujerumani na kuiweka mikononi mwa Shirikisho la Mataifa. Kurasa nyingine za mkataba huo huo ziliivua Ujerumani makoloni yake yote. Kutokana nazo Tanganyika ilikwenda kwa Waingereza, Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, na kipande kidogo cha Kionga, kusini mwa mto Ruvuma, kwa Wareno. Waingereza na Wabelgiji walitakiwa kutawala kwa udhamini wa Shirikisho lile lile.

Tofauti iko mahali pamoja, nayo ni kubwa. Watu wa Saar waliahidiwa kwamba baada ya miaka 15 watapiga kura kuchagua wanakotaka kwenda, na tarehe ikajulikana tangu mwanzo. Watu wa Tanganyika hawakuahidiwa kura wala tarehe. Walioandika mkataba waliona kwamba mchimba makaa wa Saar ana haki ya kuulizwa, na mkulima wa Songea hana. Nimeusoma mkataba huo mara kadhaa, na kila mara hapo ndipo ninaposimama.

Sababu ya kuichukua Saar ilikuwa makaa ya mawe. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma waliiharibu migodi ya kaskazini mwa Ufaransa, hivyo Ufaransa ikapewa migodi ya Saar kama fidia. Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, alitaka zaidi ya migodi. Katika mazungumzo ya Paris alidai kwamba Saar kuna watu 150,000 walio Wafaransa kwa moyo. Wenzake hawakukubali kumpa nchi yenyewe, na maafikiano yakawa utawala wa tume ya watu watano: Mfaransa mmoja, mwenyeji mmoja, na watatu wa mataifa mengine. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 10 Januari 1920, siku ambayo Ney angetimiza miaka 151.

Wenyeji hawakuipenda tume hiyo. Hawakuichagua na hawakuweza kuiondoa. Mwaka 1923 wachimba makaa waligoma siku mia moja. Katikati ya mwaka huo faranga ikawa fedha pekee halali. Vyama vyote vikubwa vya siasa, kuanzia Wakatoliki hadi wasoshalisti, vilisubiri jambo moja, mwaka 1935 ufike na Saar irudi nyumbani.

Kisha Januari 1933 Hitler akashika serikali Berlin, na nyumba ikawa nyumba nyingine.

Wasoshalisti wakiongozwa na Max Braun, na wakomunisti pamoja nao, walibadilisha msimamo wakawaomba watu wachague kubaki chini ya Shirikisho hadi Hitler atakapoondoka. Johannes Hoffmann, mwandishi wa habari Mkatoliki, alisema hivyo hivyo katika gazeti lake. Walikuwa wachache, na upande wa pili ulikuwa na redio, fedha na vitisho. Shirikisho lilileta askari 3,300 kutoka Uingereza, Italia, Sweden na Uholanzi kulinda kura, na siku ya kura yenyewe, 13 Januari 1935, ilikwenda kwa utulivu. Machaguo yalikuwa matatu: Ujerumani, Ufaransa, au hali iliyopo iendelee.

Ujerumani ilipata kura 477,119, zaidi ya asilimia 90. Hali iliyopo ilipata 46,613. Ufaransa ilipata 2,124. Zilinganishe hizo na Wafaransa 150,000 wa Clemenceau.

Kuna wanaosema watu walidanganywa, na kuna wanaosema waliogopa. Yote mawili yalikuwepo. Lakini kura ilikuwa ya siri, ilisimamiwa na wageni, na habari za kambi za mateso za Hitler zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika magazeti ya Saar ambayo yalikuwa huru kuliko gazeti lolote lililobaki Ujerumani. Watu walijua vya kutosha. Waliona lugha, ukoo na kanisa, wakasema kwetu ni kwetu, wakatumaini kwamba serikali itapita na nchi itabaki. Naielewa njia iliyowafikisha hapo. Uamuzi ulikuwa mbaya, na bei yake ililipwa kwanza na wasiouchagua. Maelfu walikimbilia Ufaransa, Braun na Hoffmann wakiwa miongoni mwao. Wayahudi wa Saar walipewa mwaka mmoja tu wa kuondoka na mali zao. Waliochelewa au waliokosa pa kwenda walikuja kukutana na yaliyowakuta Wayahudi wa Ujerumani yote. Leo majina ya baadhi yao yamechongwa kwenye vijiwe vya shaba vilivyopachikwa barabarani, mbele ya nyumba walizokuwa wakiishi Saarlouis.

Tarehe 13 Januari 1936, mwaka mmoja kamili baada ya kura, mji ulipoteza jina. Uliunganishwa na vijiji vya jirani, kimojawapo Fraulautern, kilichokuwa na abasia ya kale ya watawa wa kike. Wanazi wakachukua mto mwanzoni, wakachukua mkia wa jina la kijiji mwishoni, wakapata Saarlautern. Louis akafutwa. Mtoto aliyezaliwa hapo tarehe 16 Septemba 1943, na ambaye baba yake, mwoka mikate, aliuawa vitani kabla ya kumlea, ana jina hilo kwenye mahali pa kuzaliwa: Oskar Lafontaine, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa jimbo la Saarland na kisha waziri wa fedha wa Ujerumani. Jina la mji wake likalazimishwa kuwa la Kijerumani, na jina la ukoo wake likabaki la Kifaransa.

* * *

Septemba 1939 wakazi wa ukanda wa mpakani waliamriwa kuondoka na kilichobebeka mkononi, kwa sababu mstari wa ngome za zege ulioitwa Westwall ulipita hapo. Walirudi Ufaransa iliposhindwa, wakahamishwa tena Wamarekani walipokaribia.

Wamarekani walifika mwishoni mwa Novemba 1944. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba, askari wa Divisheni ya 95 walivuka mto kwa mashua, wakawashtukiza walinzi wa daraja na kulikamata likiwa zima, baruti zikiwa zimekwisha kutegwa. Ng'ambo ya pili waliingia Fraulautern na Roden, na hapo daraja zima halikuwasaidia sana. Baadhi ya nyumba zilikuwa ngome za zege zilizopakwa rangi na kuchorwa madirisha. Ilipiganwa nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba. Vita vya Ardennes vilipolipuka katikati ya Desemba majeshi mengi yakavutwa kwenda huko, lakini kipande hiki kilichopita mto kilishikiliwa majira yote ya baridi, hadi Machi 1945. Miezi mitatu na zaidi, mji ukiwa mstari wa mbele. Kilichosalia ni vifusi.

Majira ya kiangazi ya 1945 Wafaransa walikuja kuwapokea Wamarekani, na mji ukarudishiwa jina la Saarlouis. Baadaye Saar ilikatwa kutoka Ujerumani, ikawekewa forodha, ikapewa katiba ya mwaka 1947, bendera, na uraia wake. Fedha ya mark ya Saar ilitumika miezi michache tu kabla ya faranga kurudi. Waziri mkuu alikuwa Johannes Hoffmann, yule mwandishi wa habari, aliyerejea kutoka uhamishoni Brazil. Nchi hiyo ndogo ilipeleka timu yake kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, na katika kufuzu Kombe la Dunia la 1954 ilipangwa kundi moja na Ujerumani Magharibi. Ilifungwa mechi zote mbili na timu iliyokuja kutwaa kombe.

Mara ya pili watu kuulizwa ilikuwa tarehe 23 Oktoba 1955. Serikali ya Paris na ile ya Ujerumani Magharibi kule Bonn zilikuwa zimekubaliana kwamba Saar iwe nchi ya Ulaya, chini ya Ulaya, labda na makao makuu ya Ulaya ndani yake. Adenauer mwenyewe, kansela wa Ujerumani, aliwashauri wakubali. Asilimia 67.7 wakakataa. Hoffmann akajiuzulu. Ufaransa ilikuwa imetumia nguvu na fedha nyingi kuishika Saar, lakini ilipokea jibu hilo bila kufyatua risasi, na kwa maoni yangu hilo ndilo tendo la heshima kuliko yote ambayo mtawala yeyote aliwahi kulifanyia bonde lile. Tarehe 1 Januari 1957 Saar iliingia Jamhuri ya Shirikisho. Fedha ilibadilishwa Julai 1959. Mzee aliyezaliwa Saarlouis mwaka 1890, kama hakuwahi kuhama, alikuwa ameshika mark ya Kaisari, faranga, mark ya Hitler, mark ya Saar, faranga tena, na sasa mark ya Bonn.

* * *

Baada ya hapo hakuja mtawala mwingine mwenye jeshi. Ilikuja Ford. Migodi ya makaa ilikuwa ikififia, jimbo likatafuta kazi kwa watu wake, na mwaka 1966 ujenzi wa kiwanda cha magari ukaanza kwenye ardhi ya Roden. Magari yalianza kutoka mwaka 1970: kwanza Escort, na kuanzia 1998 Focus. Kwa nusu karne familia nyingi za Saarlouis na vijiji vyake zilipanga ndoa, mikopo na nyumba kwa zamu za kiwanda hicho. Waliofanya kazi hapo walivuka mpaka pia kutoka Lorraine, asubuhi kuja na jioni kurudi, na vituo vya ukaguzi vilivyowahi kuwasimamisha babu zao vilikuwa vimebaki tupu tangu makubaliano ya Schengen yalipoanza kufanya kazi.

Mwaka 2022 kampuni ilitangaza kwamba magari yake mapya ya umeme ya Ulaya yatapelekwa Valencia, Hispania. Focus ya mwisho ilitoka Saarlouis Novemba 2025. Safari hii hakuna mkataba uliosainiwa Paris wala kura iliyopigwa. Uamuzi ulifanywa na watu wa mbali, kama ulivyofanywa mwaka 1680, na waliobaki ni wale wale wa bonde lile.

Tangu tarehe 16 Septemba 2024 polisi wa Ujerumani wamerudi kukagua wanaoingia kutoka Ufaransa. Nembo ya mji bado ni ile aliyoitoa Louis wa 14: jua kati ya mawingu, na juu yake mayungiyungi matatu.